Simu nzito sio virusi, tuandikieni prosesa na aina ya storeji

Mhariri,

Salamu kutoka Tanga, huku hatujambo ila joto tu.

Naandika kuhusu ule ukurasa wenu wa simu mpya na bei zake. Mi ni fundi simu hapa Ngamiani, meza yangu iko barazani kwa watu sio mbali na soko la Mgandini, na gazeti lenu pale linasomwa na watu wanne watano kwa nakala moja (mnisamehe, biashara ndo hivo), na kila mkiutoa ule ukurasa mi najua kesho yake kinachofuata, mtu anakuja na gazeti limekunjwa, kidole kiko kwenye picha, ananiuliza fundi hii vipi, nyepesi? Nikisoma mlichoandika siwezi kumjibu. Mmeandika kamera megapikseli 50, betri 5000, kioo inchi 6 na ushee, RAM 16, kori nane, inapatikana kwa rangi tatu. Vyote hivo na hakuna hata kimoja kinachoniambia kama ile simu itafunguka ukiigusa au itaanza kuganda mwaka haujaisha.

Na sio nyinyi tu, mabango ya madukani ni hayohayo na vijana wa kwenye meza za barabarani wanakariri hayohayo. Kwaiyo ombi langu nalisema mwanzoni kabisa mtu asije akachoka kusoma kabla hajalifikia: kila mnapoandika simu na bei yake, andikeni na jina kamili la prosesa (ile chipu ambayo ndo ubongo wa simu) na aina ya storeji (pale picha, video na apu zinapokaa). Mistari miwili tu. Kama nafasi haitoshi punguzeni rangi.

Nianze na storeji maana hapa ndo hakuna anayepagusa. Kila mtu siku hizi anajua kuuliza GB ngapi, 64, 128, 256, lakini storeji sio ukubwa tu, ina aina. Simu nyingi za bei ya chini zinawekewa aina inaitwa eMMC, na zile za kati kwenda juu zinawekewa UFS. Ile eMMC tunayokutana nayo kwenye simu, toleo la 5.1, ni ya mwaka 2015, na mwaka huohuo Samsung walikuwa washaanza kuweka UFS kwenye Galaxy S6, kwaiyo hatuzungumzii kitu kilichotoka jana, ni zaidi ya miaka kumi dunia inajua kuna storeji ya haraka na ya polepole ila kwenye bango la dukani zote zinaandikwa "128GB" na zinalingana. Kwa karatasi eMMC 5.1 mwisho wake ni MB 400 kwa sekunde, UFS 2.2 inakwenda mpaka kama 1200. Lakini mi hata hizo namba sizijali sana, kinachowaumiza watu ni kingine, eMMC haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja, ikiandika haisomi, ikisoma haiandiki. UFS inafanya vyote pamoja.

Sasa mchukulie mama wa hapa mjini. Ana grupu la kikoba, grupu la wazazi wa darasa la tatu, grupu la harusi ya mtoto wa shoga yake, grupu la ukoo, grupu la madrasa, na yale mengine aliyoingizwa hajui na nani. Ijumaa asubuhi akiwasha data zinashuka picha za Ijumaa Karim na video kwa mpigo, simu inaandika inaandika inaandika, na yeye wakati huohuo anataka kufungua apu ya pesa amtumie mtu wa samaki kule Deep Sea kabla boti hazijamaliza. Storeji iko bize na salamu za Ijumaa, apu inasubiri kusomwa. Anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Anabonyeza ya tatu kwa hasira alafu zinafunguka zote kwa pamoja na simu inaganda kabisa. Huyo ndo ananijia.

"Mwanangu, simu imeingia virusi."

"Shikamoo mama. Imeanza lini?"

"Marahaba. Tangu Ramadhani, na aliyeniuzia kaniambia ni GB nane, nane nzima!"

Nikaingia setingi. Storeji yote ni GB 32 na imebaki kama MB mia na kitu, ile nane anayoisema nitaifikia, ni kichekesho kingine. Hakuna kirusi hapo. Hii memori ya simu ina tabia yake, haiwezi kuandika juu ya kitu cha zamani mpaka kwanza ifute eneo zima, na ikijaa inakosa eneo tupu, inabidi ihamishe vitu huku na kule kutafuta nafasi kabla haijaandika hata ile picha moja. Ndo maana simu ileile aliyoisifia siku ya kwanza inakuja kuwa nzito, na ndo maana ukiirisiti inarudi kuwa nyepesi, watu wanasema fundi kaua virusi, fundi kaacha nafasi tu. Ukiweza bakiza walau sehemu moja ya tano ya storeji iwe tupu, na kwenye WhatsApp zima ile ya kujipakulia video zenyewe. Hiyo peke yake inaokoa simu nyingi na mi inaninyima kazi lakini haya.

Alafu hiyo nane. Kwenye boksi mmeona wanaandika RAM 8GB, au 16GB, na pembeni kwa maandishi ya kuombea msaada wa miwani wanaandika 4+4 au 8+8. Ile ya kwanza ndo RAM, yani memori ya muda ambako apu iliyofunguliwa inafanyia kazi, ile ya pili sio RAM. Ni kipande cha storeji kimetengwa, ile kazi ambayo haitumiki kwa wakati huo inatolewa kwenye RAM inaenda kulazwa kule. Samsung wanaiita RAM Plus, Tecno wanaiita MemFusion, kila kampuni na jina lake ila mchezo ni mmoja. Sisemi ni uongo mtupu, inasaidia kidogo apu zisijifunge haraka. Lakini RAM halisi inapitisha data kwa GB nyingi kwa sekunde na eMMC ni hizo MB mia kadhaa nilizotaja, kwaiyo kitu kilicholazwa kule kukiamsha sio mbio, na wakati kinaamshwa inagombania njia na zile picha za Ijumaa. Na nafasi yenyewe inakatwa kwenye storeji yako, ile ambayo haikutosha tangu mwanzo. Mama simu yake ilikuwa RAM 4 ya kweli. Kwa matumizi yake nne inatosha ila imebana, mtu anayenunua leo ningemwambia sita, nane ya kweli ni raha, na mbili aache kabisa, labda iwe na ile Android nyepesi ya Go ambayo Google waliitangaza 2017 kwa ajili ya simu za RAM ndogo, na hata hiyo uivumilie.

Nyinyi mkiandika "RAM 16" bila kuigawa mnawasaidia wauzaji kutuuzia storeji mara mbili.

Nije kwenye prosesa, na hapa ndo pana hiyo "kori nane" inayopendwa, kori ni kama wafanyakazi ndani ya prosesa. Kori nane siku hizi inayo karibu kila simu hata ya laki mbili, haikuambii kitu. Cha kuuliza ni kori za aina gani. Kuna kampuni ya Uingereza inaitwa ARM, iko Cambridge, hao ndo wanachora hizi kori alafu akina MediaTek, Unisoc na Qualcomm wanazipanga kwenye chipu zao. Sasa MediaTek wana chipu inaitwa Helio G35, kori nane, zote nane ni aina ya A53, na hiyo A53 ARM waliitangaza mwaka 2012. Mwaka 2012! Alafu wana nyingine Helio G99 ya mwaka 2022, nayo kori nane, lakini mbili ni A76 na sita ni A55. Kwenye bango zote "kori nane". Na ukitaka kucheka zaidi angalia zile GHz, G35 imeandikwa 2.3, G99 imeandikwa 2.2, mtu asiyejua anachukua yenye namba kubwa na amechukua konokono. Maana A76 kwa kila mpigo mmoja inafanya kazi nyingi kuliko A53, GHz ni idadi ya mipigo tu haikwambii kila mpigo umefanya nini. Na kazi ya kuchora kile unachokiona kwenye kioo, kufungua menyu, kutelezesha, kuleta kibodi, sehemu kubwa inabebwa na kori moja, mbili, zile nyingine zinaangalia tu. Kwaiyo mbili zenye nguvu na sita za kawaida zinaipita nane dhaifu bila ubishi, na hiyo ndo tofauti ya kuandika "nakuja" ikatokea hapohapo na kuandika "nakuja" herufi zikafika moja moja ka' zimepanda daladala tofauti.

Katikati hapo kuna chipu kama Unisoc T606 na Helio G85, zina kori mbili za A75, hizo kwa WhatsApp, simu, pesa na YouTube sio mbaya, mi siwakatazi watu. Ila eMMC iliyojaa itaziangusha na hizo.

Majina ya simu yenyewe nayo usiyaamini. Samsung Galaxy A14 ile ya 4G ilitoka na chipu ya Exynos 850 kwenye masoko mengine na Helio G80 kwenye mengine, iliyofuata A15 ya 4G ikaja na Helio G99, na hiyo ni ngazi nzima ya kupanda. Dukani tofauti ni namba moja tu ya nyuma na muuzaji anakwambia "ni zilezile hii mpya tu". Kuna A05 na kuna A05s, hiyo s ni chipu tofauti kabisa, moja Helio G85 nyingine Snapdragon 680. Nani atajua asipoandikiwa?

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Mi huwa nazifungua, nimeona mgongo unang'aa mithili ya vito, kamera nne nyuma na mbili kati ya hizo ni pambo, ndani kuna A53 nane na eMMC.

Vijana watakuja kuniambia fundi mbona kuna AnTuTu, ile apu ya kupima nguvu ya simu, pima namba yake basi. Namba inasaidia kulinganisha, sikatai, ila mkumbuke mwaka 2022 wale wa Geekbench, apu nyingine ya kupimia, waliziondoa kwenye orodha yao Galaxy S22, S21, S20 na S10, kwa sababu Samsung walikuwa na programu inayopunguza kasi kwenye apu za kawaida lakini apu ya kupimia inaachwa ikimbie. Yani mtihani simu inapata mia, nyumbani inafeli. Na ile kampuni sio ya uchochoroni.

Kioo. Siku hizi kuna 90Hz na 120Hz, maana yake kioo kinachora upya mara 90 au mara 120 kwa sekunde badala ya 60, na kwa macho ni kweli inateleza, ukiizoea 120 ukirudi 60 utaona kama unavuta gunia. Hii ni moja ya vitu vinavyofanya simu *ionekane* nyepesi na sio utapeli. Lakini kwa 120Hz chipu ina milisekunde 8 tu kumaliza kila picha, kwa 60Hz ina 16. Ukiiweka kwenye chipu dhaifu haiwahi, inaruka, unapata kioo cha mbio kwenye simu inayokwamakwama na betri inaliwa. Kwenye simu ya bei ndogo kioo cha HD ya kawaida chenye 90Hz ni bora kuliko Full HD, chipu ina nukta chache za kuchora, ila wauzaji watakwambia kinyume.

Na kwa kuwa tumegusa kuonekana, nitoe na hii bure. Kila ukifungua au kufunga kitu simu inacheza kile kimchezo cha dirisha kukua na kusinyaa. Nenda Mipangilio, Kuhusu simu, tafuta namba ya toleo la programu (Build number), igonge mara saba, inakufungulia menyu ya wasanidi programu. Ndani yake kuna mistari mitatu inayohusu uhuishaji, yote imewekwa 1, ipunguze iwe 0.5, toka, usiguse kingine mle ndani tafadhali. Simu haijaongezeka nguvu hata chembe lakini kile unachokisubiri kimefupika nusu, na mtu anaondoka mezani kwangu anasema fundi ana mkono. Mama wa kikoba nilimfanyia hivo na kufuta video, akaniletea kaimati jioni.

Sasa hili la joto ni la kwetu sisi wa pwani na nyinyi wa Dar mnalijua. Chipu ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe isijiunguze, imeundwa hivo, ni kinga. Kijana wa bajaji anapaki Tangamano saa saba mchana mwezi wa pili, simu iko mbele kwenye kishikio jua linaipiga usoni, ramani imewaka, muziki umewaka, hotispoti imewaka abiria kaomba, chaji inaingia, na kava nene la mpira juu yake, alafu analalamika simu mpya inaganda. Inajiokoa! Nikamwambia kaka itoe kava na itoe juani, hakuna cha kulipa. Ila ukinunua hapa pwani angalia na hii, chipu za nanomita 12 (nanomita ni kipimo cha udogo wa vitu vilivyomo ndani ya chipu) zinachemka kuliko za 6 kwa kazi ileile, G35 ni 12, G99 ni 6, na hiyo nanomita haiandikwi popote kwenye bango. Chumvi ya hewa inavyokula tundu la chaji hiyo barua nyingine.

iPhone. Najua bila kuitaja hamtaridhika, kule Chumbageni mtoto wa chuo bila iPhone hajavaa. Kwa kasi sina la kusema, chipu zao hata za miaka ya nyuma zinakwenda. Lakini zinazokuja huku nyingi ni za mtumba na ugonjwa wa mtumba ni betri. Desemba 2017 Apple wenyewe walikiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka ili zisizime ghafla, ikawa kelele dunia nzima, wakashusha bei ya kubadilisha betri mpaka dola 29, na 2020 Ufaransa wakawapiga faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia watu. Tangu 2018 wameweka sehemu kwenye setingi inaonyesha afya ya betri kwa asilimia. Kwaiyo ukishikishwa iPhone ya mtumba usianze na kamera, ingia pale, ikiwa chini ya 80 weka akilini gharama ya betri au teremsha bei. Na ikiandika 100 kwenye simu ya mwaka 2018 jiulize betri ilibadilishwa na nani na ni ya wapi. iPhone 8 na iPhone X ziliishia iOS 16, bado zinatumika ila apu moja moja zitaanza kukataa.

Kuna wanaouliza bora nini, mpya ya bei ndogo au mtumba ya daraja la juu, mfano Galaxy S9 ya 2018 au S10. Kwa kasi mtumba inashinda, S9 ina UFS 2.1 ndani na chipu ya nguvu, ukiishika mkononi na ile mpya ya laki tatu utaona mwenyewe. Lakini masasisho ya usalama yameisha, betri ni mzee, na maji ya bahari ilishaonja nani anajua. Mi mwenyewe ningeichukua ya picha na gemu. Mtu anayeweka hela yote ya duka kwenye simu, wakala, mama lishe mwenye lipa namba, huyo namshauri mpya yenye prosesa ya kueleweka hata kama kamera ni ya kawaida.

Simu za mkopo wa kulipa kila siku sitazisema sana, watu wanazihitaji na sina haki ya kuwacheka, ila ukijumlisha yale malipo ya kila siku mpaka mwisho mara nyingi unakuta hela ile ingepata simu ya ngazi ya juu yake, na humo ndo zinakotupwa zile chipu dhaifu. Angalau mtu aandikiwe anachokopa.

Na kitu kingine kinanikera, hizi apu za kusafisha simu, zile zenye picha ya roketi, "simu yako ni chafu, ongeza kasi". Zinachofanya ni kuzifunga apu zote zilizokuwa kwenye RAM, unaona RAM iliyotumika imepungua unafurahi, alafu dakika moja baadaye unafungua WhatsApp inabidi isomwe upya kutoka storeji, ileile eMMC. Umeifanya simu kuwa nzito kwa mikono yako na umeangalia tangazo la sekunde thelathini juu. Futa. Android inajua yenyewe kupanga RAM.

Kabla ya kuilaumu simu pia jueni kutofautisha simu na mtandao, kwa sababu nusu ya kesi zangu simu haina kosa. Zima data, fungua kikokotoo, fungua majina, fungua kamera, fungua picha za zamani. Vikifunguka fasta basi uzito uko kwenye mtandao au bando, usinunue simu mpya kwa ajili ya mnara. Huko Pongwe ndani ndani au njia ya Pangani hata simu ya milioni mbili itazunguka kile kiduara.

Ukienda kununua, ombeni kushika ile iliyowashwa dukani, na msiruke moja kwa moja kwenye kamera. Fungua kama apu sita mfululizo, rudi kwenye ya kwanza, ikianza upya RAM ni ndogo. Andika meseji ndefu kwa haraka uone kibodi inakufuata au inakukimbia. Zungusha setingi juu chini. Muuzaji akikuharakisha kuna kitu. Kisha piga *#06# uone IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, uitume kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, jibu linarudi linakwambia ni simu gani, lifananishe na ulichoshika. Tulishaona mwaka 2016 mwezi wa sita TCRA walipozima simu feki, watu hapa walibaki na vipande vya plastiki. Simu feki zina tabia ya kudanganya hata kwenye setingi, inaandika RAM 8 ndani ina 2, kwaiyo ukiweza weka apu ya CPU-Z, inaonyesha jina la chipu na kori zake, ukiambiwa Helio G99 pale zitokee A76, zikitokea A53 peke yake rudisha simu chukua hela yako kabla hujavuka barabara.

Wenye maduka niliowagusia hili wananijibu fundi wateja hawaulizi hayo. Kweli hawaulizi, watauliza nini na kila wanachokisoma ni megapikseli? Mi sina ugomvi nao, wanauza kinachoulizwa. Gazeti ndo linaweza kubadilisha kinachoulizwa, mtu akisoma wiki nne mfululizo neno eMMC na neno UFS mbele ya bei, ya tano anauliza.

Na kazi yenyewe sio ngumu. Tovuti ya GSMArena ina kurasa za simu karibu zote, chipu imeandikwa pale na kori zake, na nyingi zinaonyesha hata aina ya storeji, mwandishi wenu anamaliza simu kumi kabla chai haijapoa. Pasipoandikwa aina andikeni "haijatajwa", hata hiyo ni habari. Na ile RAM igawanyeni, 4+4 iandikwe 4. Mkianza, anzeni na zile za chini ya laki tatu tafadhali, zile za milioni wanunuzi wake wana mtu wa kumuuliza.

Fundi simu,
Ngamiani, Tanga